Mapanki hakuniuma, aliniburuza

Wakuu, video yangu na mbwa aitwaye Mapanki imeshavuka mpaka Geita, na maelezo aliyoweka jamaa yangu ni ya uongo mtupu. Eti mbwa kaniuma, nikakimbia nalia. Mapanki hakuniuma. Wala sikukimbia, niliburuzwa. Naomba mtenganishe hayo mawili.

Lilikuwa lile zoezi letu la kuchanja mbwa na kuwafunga vizazi, safari hii kwenye mwalo mmoja (wanaposhushia samaki) huku Ilemela, Mwanza, chini ya turubai, mgeni rasmi mheshimiwa diwani. Mapanki ni jike koko la palepale, kilo kama 15, limekulia mapanki ya sangara, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya minofu kutolewa, ndiyo maana likaitwa hivyo. Anabeba mimba siku kama 63, anamwaga watoto katikati ya mawe, na kabla hujawapatia wote pa kuishi ameshapata mimba nyingine.

Sasa kwa ambao hawajui kazi hii. Mbwa wa kupasuliwa analala njaa, saa 8 hadi 12 bila chakula, maji tu anaachiwa mpaka asubuhi. Sababu ni zailazini, sindano ya kwanza ya kumlaza. Ikishaingia kwenye msuli, mbwa wengi wanatapika. Tumbo likiwa tupu ni povu kidogo, unafuta, maisha yanaendelea. Mapanki tulimfungia tangu jioni. Alfajiri mama lishe mmoja akamwonea huruma, akampitishia kwenye nondo ugali wa dona na kichwa cha sangara, na hakumwambia mtu. Kumbukeni hicho kichwa.

Baada ya sindano unangoja dakika 10 hadi 15, na unangoja kimya. Macho ya mbwa hayafumbi, kwa hiyo unapaka mafuta yake yasikauke na kuyafunika kwa kitambaa. Masikio unaziba kwa pamba. Huyo mbwa utamwona kama maiti, lakini kelele ya ghafla inaweza kumzindua akiwa na nguvu zote na akili nusu. Kinachomzimisha kabisa ni ketamini, na hiyo tulikuwa bado hatujampa. Bandeji ya mdomoni nilishaifungua, maana akitapika amefungwa mdomo anapaliwa na kufa. Dokta anatafuta mshipa mguu wa mbele, mimi nimebana juu ya kiwiko ili mshipa uvimbe, mikono yangu yote miwili ina kazi. Kijana wa mafunzo kwa vitendo akaona kamba ya Mapanki inaning'inia, akanivisha kitanzi mkononi. "Asije akatupotea, kaka."

Ndipo mtu wa spika akawasha mitambo. Kwanza ule mlio wa maiki, wiiiiii, unaopenya mpaka kwenye jino bovu. Halafu: "HALLO! MOJA MBILI! MHESHIMIWA ANAKARIBIA!"

Sikio la kushoto likasimama. Pamba ikadondoka taratibu, nikaiangalia mpaka ilipotua. Kitambaa kikateleza, jicho moja likanitazama kama mtu unayemdai. Dokta akasema kwa sauti ya chini, "Usimwachie." Jamani, nani alikuwa na uwezo wa kumwachia? Mapanki akashuka mezani, miguu ya mbele inakwenda ziwani, ya nyuma inakwenda Musoma, na mimi nyuma yake mkono umetangulia.

Giza la mwezi ndiyo kwanza lilikuwa limeanza, wavuvi wa taa wamepata, ufukwe mzima umeanikwa dagaa. Mapanki akapita chini ya chanja ya kwanza. Mimi sikupita chini. Ya pili nayo nikaenda nayo, na wavu wake shingoni. Akina mama wakapiga yowe, naye kila akisikia yowe anaongeza mwendo. Kwenye chanja ya tatu dawa ikamrudia. Akasimama, akayumba, akageuka, akanilalia kifuani mzimamzima. Nikahisi tumbo lake linavuta, linaachia, linavuta. Walio kwenye fani mnaujua huo mdundo. Nikafungua mdomo kuwaambia wenzangu nimempata.

Ugali ulitangulia. Kichwa cha sangara kikafuata, kikatua chini ya kidevu changu, jicho bado limo. Nilipoinua macho, viatu vyeusi vinavyong'aa: mheshimiwa. Pembeni yake jamaa yangu na simu. Bibi mwenye chanja akainama akanitazama vizuri, nikadhani pole inakuja. "Mjukuu wangu, hizo dagaa zina bei."

Najua kuna mtu keshaandika "si muwape sumu tu, yaishe." Mkuu, ukiwaua hawa, vichwa vya samaki vitabaki vimezagaa, na mbwa wa mtaa wa pili watahamia kesho bila chanjo hata mmoja. Tunachotaka ni asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa, hapo kichaa cha mbwa kinakosa pa kupita. Haya, tuendelee kunicheka.

Dagaa tulilipa. Michubuko niliiosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, maana mate ya mbwa kwenye kidonda hayasubiri, nikachoma sindano ya kichaa cha mbwa siku hiyo na ya pili siku tatu baadaye. Ni mbili tu kwa sababu nilishachanjwa kabla. Wewe ambaye hujachanjwa zinaongezeka. Mapanki alipasuliwa baadaye, ndani, mlango umefungwa, ana alama ya V sikio la kushoto kuonyesha keshafungwa kizazi, na ameshaanza kuomba chakula.

Jumamosi tupo tena. Mleteni kwa kamba, asile kuanzia saa nne usiku, na mumfiche mama lishe asimwone. Jike lililo kwenye joto subirini limalize, mishipa huwa imejaa na damu inakuwa nyingi. Hii nakuambia wewe hasa, mrusha video, kwa sababu majirani wanasema madume yote ya mtaa yamelala getini kwako. Nitakuja kukusaidia. Simu yangu ina chaji.