Sufuria Nyekundu Mlangoni: Uhalali na Mipaka ya Kususia Duka kwa Sababu ya Misaada Yake

Mwaka 2004 kampuni ya Target, yenye makao makuu mjini Minneapolis na iliyokuwa na maduka takriban 1,300 nchini Marekani, iliamua kwamba watu wa Jeshi la Wokovu wanaopiga kengele na kupokea sadaka katika sufuria nyekundu msimu wa Krismasi hawataruhusiwa tena kusimama kwenye milango yake. Jeshi la Wokovu liliarifiwa mapema mwaka huo, lakini hasira za umma zilipanda Novemba, wakati ambapo Wamarekani huanza kununua zawadi. Watangazaji wa redio, wachungaji na wateja wa kawaida walihimizana kutokanyaga Target hadi sufuria zirudi.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili liliwachoma watu kiasi hicho, ni lazima kujua sufuria zile zilimaanisha nini kwao. Msomaji wa Kenya, ambako Jeshi la Wokovu limekuwepo tangu 1921, hulifahamu zaidi kama kanisa lenye bendi, shule na vituo vya watoto wenye ulemavu. Kwa Mmarekani wa kawaida, jeshi hilo ni kengele na sufuria. Desturi yenyewe ilianzia San Francisco mwaka 1891, pale Kapteni Joseph McFee alipotaka kuwalisha maskini chakula cha Krismasi na hakuwa na fedha. Akaweka sufuria mahali watu waliposhukia feri ya Oakland, na wapita njia wakaijaza sarafu. Zaidi ya karne moja baadaye, watoto wengi wa Marekani walitoa sadaka yao ya kwanza kwa namna hiyo hiyo, wakidumbukiza sarafu waliyopewa na mama mlangoni mwa duka.

Hoja ya waliosusia ilikuwa na uzito wa hesabu pia. Mwaka 2003 sufuria zilizokuwa nje ya maduka ya Target zilikusanya karibu dola milioni 9, wakati sufuria zote nchini zilikusanya zaidi ya dola milioni 90 kidogo. Takriban sehemu moja ya kumi ya makusanyo ilikuwa inapotea kwa uamuzi wa kampuni moja. Fedha hizo hazikuwa za Target. Zilikuwa za wateja, waliozitoa kwa hiari yao, na duka lilichangia nafasi ya kusimama tu. Kwa hiyo wateja waliuliza: ikiwa kampuni haiombwi hata senti moja, bali inaombwa isimfukuze mtu mlangoni, kuna ugumu gani? Na ikiwa inakataa kitu kisichoigharimu, kwa nini sisi tuendelee kuipelekea fedha zetu?

Target nayo haikuwa bila majibu, na majibu yake hayastahili kupuuzwa. Ilieleza kwamba maombi ya mashirika mengine kutaka nafasi ile ile yalikuwa yakiongezeka kila mwaka, na kwamba ilikuwa imekwisha kuweka kanuni ya kutoruhusu uombaji wa aina yoyote milangoni, ila Jeshi la Wokovu lilikuwa likipewa upendeleo. Kuondoa upendeleo huo kulikuwa ni kuitendea haki kanuni yenyewe. Wala haikuwa kampuni bahili: tangu 1946, enzi za kampuni ya familia ya Dayton ambayo Target ilizaliwa humo, imekuwa na sera ya kutoa asilimia 5 ya faida yake kwa jamii, kiwango ambacho makampuni mengi makubwa hayakifikii. Zaidi ya hayo, sheria ya kazi ya Marekani ina jambo linalowafanya wanasheria wa maduka wawe waangalifu. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1956 katika kesi ya Babcock & Wilcox, mwajiri anaweza kuwazuia waandaaji wa vyama vya wafanyakazi kutoka nje wasiingie katika eneo lake, mradi asiwabague kwa kuwaruhusu watu wengine wa nje. Misamaha michache kwa ajili ya hisani hukubaliwa, lakini mpaka wake umebishaniwa kwa miaka mingi, na kampuni inayofungua mlango kwa mmoja hujiweka katika hatari ya kudaiwa ufafanuzi kuhusu wengine.

Kuna upande wa tatu ambao haukusikika sana katika kelele za wakati ule, nao ni mteja anayepita mbele ya sufuria bila kutaka kutoa. Miaka michache baadaye wanauchumi James Andreoni, Justin Rao na Hannah Trachtman walifanya jaribio katika supamaketi moja karibu na Boston, wakitumia wapiga kengele halisi wa Jeshi la Wokovu. Siku nyingine mpiga kengele alisimama mlango mmoja, siku nyingine wakawa milango yote miwili. Wakati mwingine alinyamaza akipiga kengele tu, na wakati mwingine alimtazama mteja usoni na kumwomba atoe. Alipoomba kwa maneno, sadaka ziliongezeka kwa kiasi kikubwa. Lakini wakati huo huo, karibu theluthi moja ya wateja ambao wangepita kwenye mlango ule waliukwepa na kutumia mlango mwingine. Matokeo hayo yanaziunga mkono pande zote mbili kwa pamoja. Waliosusia walikuwa sahihi kwamba mahali pa sufuria panahesabika, kwa sababu sehemu kubwa ya sadaka ile haingetolewa kama isingeombwa papo hapo, ana kwa ana. Na Target ilikuwa sahihi kwamba wateja wengi hukereka kuombwa mlangoni, hata na watu wema, ingawa ni wachache wanaothubutu kulisema hadharani.

Nionavyo mimi, swali kubwa zaidi ni aina ya kosa linaloadhibiwa. Kuna duka linalosusiwa kwa sababu limetoa kwa jambo ambalo mteja analipinga, na kuna duka linalosusiwa kwa sababu limekataa kutoa mahali ambapo mteja angependa. Haya mawili hayalingani. Katika hali ya kwanza mteja ana dai zito: fedha yake, ikishapita kwenye kaunta, inageuzwa kuwa nguvu dhidi ya dhamiri yake, na kujitoa ni haki yake kamili. Katika hali ya pili hakuna anayemiliki sadaka ya mwingine. Target mwaka 2004 ilikuwa katika hali ya pili, na ndiyo maana, pamoja na kuyaonea huruma madai ya waliosusia, siwezi kusema kwamba waliidai haki yao.

Hali ya kwanza imeonekana wazi kwa Chick-fil-A, mtandao wa migahawa ya kuku wenye makao Georgia. Mwaka 2012, wakati mfuko wa hisani unaohusiana nayo ulipojulikana kuwa umetoa mamilioni ya dola kwa vikundi vilivyopinga ndoa za jinsia moja, wapinzani waliususia mgahawa huo, na tarehe 1 Agosti waliounga mkono wakapanga foleni ndefu kununua kuku ili kujibu. Novemba 2019 kampuni ilitangaza kuelekeza misaada yake kwenye elimu, njaa na watu wasio na makazi, na kwamba isingeendelea kulisaidia Jeshi la Wokovu, lile lile la sufuria, pamoja na shirika moja la wanamichezo Wakristo. Waliokuwa kwenye foleni ya 2012 wakakasirika. Kampuni inayobadilisha misaada kwa kufuata mwelekeo wa kelele haipati amani. Hubadilisha tu ni nani anayeisusia. Nayo mashirika yanayopokea, pamoja na watu wanaolala katika makazi yake, ndiyo yanayopungukiwa huku wakubwa wakibishana.

Tatizo la pili la silaha hii ya kususia ni kwamba haichagui vizuri inayempiga. Oktoba 2023 mwenye leseni ya McDonald's nchini Israel alitangaza kuwapa wanajeshi maelfu ya milo ya bure. Wateja kutoka Muscat hadi Kuala Lumpur walisusia, na kwa dhamiri ya wengi wao hilo lilikuwa jambo la lazima. Lakini migahawa ya Oman inaendeshwa na kampuni nyingine kabisa, ambayo ililazimika kujitenga na tangazo lile na kuahidi dola 100,000 kwa msaada wa Gaza. Ususiaji huo ulifika juu hata hivyo: Januari 2024 mkuu wa McDonald's alikiri kwamba biashara imeathirika katika Mashariki ya Kati, na Aprili kampuni mama ikakubali kuinunua migahawa yote 225 ya Israel. Aliyeumia kwanza, hata hivyo, alikuwa mwajiriwa na mwekezaji wa Oman, ambaye hakutoa mlo hata mmoja.

Halafu kuna uwongo, ambao hustawi haraka kila duka linapoanza kuchukiwa. Katika miaka ile ile Target iliandamwa na ujumbe wa barua pepe uliopokezwa kutoka mtu hadi mtu, ukidai kwamba inakataa kuwasaidia wanajeshi wastaafu na kwamba inamilikiwa na Wafaransa. Haya yote hayakuwa kweli, na aliyeuandika ujumbe wa kwanza aliomba radhi, lakini uliendelea kuzunguka. Anayesusia kwa dhamiri ana wajibu wa kuthibitisha anachokilipizia, hasa kwa sababu, kama utafiti wa Brayden King wa Chuo Kikuu cha Northwestern ulivyoonyesha, ususiaji hufanikiwa zaidi kwa kuharibu jina la kampuni kwenye vyombo vya habari kuliko kwa kupunguza mauzo. Silaha inayofanya kazi kwa njia ya jina haiwezi kutenganishwa na ukweli wa yanayosemwa.

Bado silioni kosa la Target kuwa dogo. Kanuni yake ilikuwa ya haki, lakini iliyaacha mamilioni ya dola yapotee bila kupanga njia nyingine ya kuyafidia kabla ya Krismasi ile, wakati mshindani wake Walmart aliziacha sufuria mlangoni na kuahidi kuongezea hadi dola milioni moja. Mwaka uliofuata Target na Jeshi la Wokovu walikubaliana kuweka kwenye tovuti ya duka orodha ya mahitaji ya familia, ambayo mteja angeweza kuyanunua na kuyatoa. Mpango kama huo ungewezekana tangu Januari 2004, wakati ule ule Jeshi la Wokovu lilipokuwa likiarifiwa, na sehemu kubwa ya waliosusia wasingekuwa na cha kususia.