Ziara za Baiskeli Uswahilini: Mgeni Aishie Barazani au Aingie Uani?

Mtalii anayetua Dar es Salaam kwa kawaida hulala usiku mmoja, na kesho yake akapanda boti ya Unguja au ndege ya kwenda mbuga za kaskazini. Jiji lenye watu zaidi ya 5,300,000, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, linabaki kwake kuwa foleni ya kutoka uwanja wa ndege tu. Ziara za baiskeli zinazoongozwa na vijana wenyeji zinajaribu kuibadili hali hiyo: kikundi kidogo cha wageni hupewa baiskeli na kofia ngumu, kisha hupitishwa katika mitaa ya Kariakoo, Ilala, Buguruni au Mwananyamala, wakisimama kwa muuza kahawa, kwa mama ntilie, kwa mafundi na sokoni. Wapo wanaozisifu kuwa ndio utalii wa haki, na wapo wanaosema ni umaskini wa watu unaouzwa kwa dola. Pande zote mbili zina hoja za kweli, lakini naona zinapishana kwa sababu zote hubishania chombo, ilhali uzito wa jambo uko pale mgeni anaposhuka kwenye hicho chombo.

Sifa ya kwanza ya baiskeli haina ubishi. Aliyeketi ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa huutazama mtaa bila mtaa kuweza kumjibu, lakini aliye juu ya baiskeli husalimiwa na hana budi kuitikia, hupisha mkokoteni, husubiri watoto wavuke, na akikosea njia hurudishwa na wapita njia. Tena, jiji hili lina historia inayosomeka vizuri zaidi kwa mwendo wa baiskeli. Wakoloni Wajerumani na Waingereza waliligawa kwa kanda, Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika nyuma yao, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi ili kutenga Uhindini na Kariakoo. Mgeni anayetoka kwenye maghorofa na mahekalu ya Kisutu, akaukata Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo, mahali palipokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza baada ya mji kutekwa mwaka 1916, anauvuka mpaka huo kwa dakika chache, na mwongozaji mzuri humsimamisha hapo hapo akamweleza. Akielekea Mtaa wa Lumumba ataonyeshwa pia mahali palipoasisiwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Hayo si maonyesho ya umaskini hata kidogo.

Hoja ya kipato nayo ina nguvu, ila hutiwa chumvi. Ni kweli kwamba kijana hahitaji mtaji wa kununua gari la watalii ili aanze kazi hii, na ni kweli kwamba fundi baiskeli, muuza kahawa na mama ntilie hupata wateja. Lakini tuuangalie mgawanyo wenyewe. Mgeni hulipia ziara nzima kwa mwendeshaji, mara nyingi kabla hajafika. Muuza kahawa anapata bei ya kikombe na kipande cha kashata, basi. Yule mzee ambaye kijiwe chake ndicho kivutio, ambaye mazungumzo ya meza yake ndiyo yaliyotangazwa kuwa "maisha halisi ya mtaani", analipwa kwa kahawa, halipwi kwa kijiwe. Sioni sababu ya kumlaumu mwendeshaji anayetafuta riziki, lakini siwezi kuuita mpango huo mgawanyo wa haki.

Mahali ambapo wakosoaji wana hoja nzito zaidi ni nyumbani. Nyumba ya Kiswahili ya Ilala au Magomeni ina mpango unaojulikana: baraza mbele, ukumbi mrefu wenye vyumba kulia na kushoto, kisha ua nyuma, penye jiko, choo, kamba za kuanikia na shughuli za wanawake. Baraza ni pa watu wote. Mpita njia huketi, husalimu, hunywa maji, hata akisubiri mvua ipite. Kuanzia mlango wa ukumbi, mtu hupiga hodi na kungoja akaribishwe, na mwanamume mgeni hafiki uani ila kwa sababu. Katika nyumba iliyopangishwa chumba kimoja kimoja kwa familia mbalimbali, ruhusa ya mwenye nyumba haitoshi, kwa kuwa ua ni wa wapangaji wote. Mwongozaji anayewaingiza wageni sita hadi uani "waone maisha", mama akiwa na kanga moja anakosha vyombo na mtoto anaogeshwa kwenye beseni, amevunja adabu ambayo yeye mwenyewe asingethubutu kuivunja kwa jirani yake. Wala kukaribishwa kwa tabasamu si ushahidi wa ridhaa, maana watu wetu wanaona haya kumfukuza mgeni. Na picha za watoto zinazopigwa hapo na kurushwa mitandaoni, hata kabla mzazi hajajua kilichotokea, zinaongeza uzito wa kosa.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaotaka wageni wazuiwe kabisa kuingia Uswahilini. Ukimzungusha mgeni Oysterbay na Masaki pekee, umemwambia kwamba kwingine kote si kwa kuonwa, na dharau hiyo hailingani na mitaa iliyobeba siasa, muziki na biashara ya jiji hili. Nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere iko Magomeni, na leo ni makumbusho.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, barabara zake zilijengwa pamoja na njia za baiskeli na za waenda kwa miguu, lakini sehemu nyingi njia hizo zimekuwa maegesho ya bodaboda na meza za wafanyabiashara. Wageni hulindwa na waongozaji wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Muuza mkaa aliyefunga magunia nyuma ya baiskeli yake na mchuuzi wa samaki anayetoka Feri hawana anayewasimamishia magari. Waendesha ziara wana sauti inayosikilizwa na wakubwa wa utalii, na ningependa waitumie kudai njia hizo zisafishwe kwa ajili ya wote.

Kuhusu utaratibu, leseni ya utalii peke yake haitatui suala la uani, na gharama zake huwaumiza vijana wadogo kuliko kampuni kubwa. Ngazi inayofaa zaidi ni mtaa. Kila mtaa una mwenyekiti wake, na mkutano mkuu wa wakazi unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi miwili; hapo ndipo mwendeshaji apeleke njia anayopita, vituo anavyosimama, kiasi anachomlipa kila mwenye kituo kwa ziara moja mbali na bei ya kahawa au chapati, na orodha ya nyumba ambazo wapangaji wake wote wamekubali wageni wavuke ukumbi. Nyumba isiyo kwenye orodha, wageni waishie barazani.