Gemu ya GB 100, ya kuonja hakuna

Mwaka 1993 Doom, gemu ya kompyuta ya kupiga risasi, iligawiwa bure sehemu nzima ya kwanza, ramani 9. Ukinogewa, unalipia zilizobaki. Leo gemu nyingi za GB 100 hazina hata jaribio la dakika 20, halafu nyie watengenezaji mnalalamika vijana wanacheza nakala ya wizi! Wengi wanataka kujua kitu kimoja tu: kompyuta yangu itaibeba? Eti Steam, duka la gemu mtandaoni, hurudisha pesa: ndani ya siku 14, ukiwa umecheza chini ya saa 2. Sawa, ila saa inahesabu hata ukihangaika kwenye menyu kushusha ubora wa picha, na bando halirudi. Ya wizi inakuja kwenye diski ya rafiki, kamili. Kijana akishaipata nzima, dukani atafuata nini? Toeni ramani moja, GB 3, na kipimo cha fremu (picha) kwa sekunde, mtu aone kama kompyuta yake inaibeba.