Wafanyakazi 300, Idara 15: Tunahesabu Nini Hasa?

Yeyote aliyesoma tasnifu kadhaa za shahada ya uzamili katika uongozi wa biashara au utawala wa umma hapa Afrika Mashariki huijua fomula ya Yamane, ile ya kukadiria ukubwa wa sampuli, kabla hata hajaifikia sura ya tatu, yaani sura ya mbinu za utafiti. Mtafiti huchukua idadi ya wafanyakazi wote wa taasisi na kosa linalovumilika la asilimia 5, hufanya hesabu fupi, na taasisi yenye wafanyakazi 1,200 humpatia sampuli ya watu 300 kamili. Dodoso hugawiwa, majibu huingizwa kwenye SPSS, programu ya takwimu, rigresheni (hesabu ya kupima jinsi jambo moja linavyohusiana na jingine) hufanywa, na mtindo wa uongozi hutangazwa kuwa na athari kubwa katika utendaji wa wafanyakazi. Sina ugomvi na fomula yenyewe. Ninachopinga ni dhana inayopitishwa kimyakimya, kwamba watu hao 300 wameokotwa mmojammoja, na kwamba jibu la mmoja halina uhusiano wowote na jibu la mwenzake.

Katika taasisi halisi watu hao wamo ndani ya idara, tuseme idara 15 zenye watu 20 kila moja, na wa idara moja wana mkuu mmoja, bajeti moja, na mara nyingi manung'uniko yaleyale. Majibu yao hufanana. Hata kama kufanana huko kunaeleza sehemu ya kumi tu ya tofauti zote, kiwango cha kawaida kabisa katika tafiti za taasisi, kanuni aliyoieneza mtaalamu wa sampuli Leslie Kish inatuambia tuzidishe 19 (watu 20 wa idara kasoro mmoja) kwa 0.1 kisha tuongeze 1, tupate 2.9. Ukiwagawa watu 300 kwa 2.9, unabaki na taarifa zinazolingana na za watu wapatao 103 waliojitegemea. Ni kweli kwamba hasara hiyo haigusi kila swali kwa uzito uleule: anayelinganisha wafanyakazi wenye uzoefu na wageni ndani ya idara ileile haathiriki sana. Lakini mtindo wa mkuu wa idara ni mmoja kwa watu wote 20 walio chini yake, kwa hiyo swali linalomhusu mkuu lina mashahidi 15, si 300.

Kosa hili si la wanafunzi wetu peke yao. Mwaka 1976 Neville Bennett alitoa matokeo ya utafiti katika shule za msingi za Uingereza yaliyoonesha kwamba watoto waliofundishwa kwa mbinu za jadi walipiga hatua zaidi ya wenzao wa mbinu huria, na mjadala mkali ukazuka nchini humo. Uchambuzi ulimchukulia kila mtoto kama anayejitegemea, ilhali mbinu ya kufundishia ni ya mwalimu, na darasa zima huipata kwa pamoja. Murray Aitkin na wenzake walipoichambua upya data hiyo mwaka 1981 wakizingatia kwamba watoto wamo ndani ya madarasa, tofauti hizo hazikubaki na uthibitisho wa kitakwimu.

Wapo wanaodhani dawa ni kukokotoa wastani wa kila idara au tawi na kulinganisha wastani hizo. Hapo napo pana shimo. W. S. Robinson alionesha mwaka 1950, kwa sensa ya Marekani ya 1930, kwamba majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na wasiojua kusoma wachache, lakini kwa mtu mmojammoja wahamiaji ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa kidogo wa kutojua kusoma; walikuwa tu wamehamia kwenye majimbo ambayo wenyeji wake wamesoma. Modeli za ngazi nyingi, yaani hesabu zinazomzingatia mtu na kundi lake kwa wakati mmoja, hutenganisha mahusiano hayo mawili badala ya kuyachanganya.

Hata hivyo, nisingependa modeli hizo ziwe pambo jipya la sura ya tatu. Programu ya takwimu ya R ni ya bure na kifurushi chake cha lme4, kinachokokotoa modeli hizo, hukubali karibu data yoyote, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Cora Maas na Joop Hox walionyesha mwaka 2005 kwamba idadi ya makundi ikiwa 50 au pungufu, makosa sanifu (vipimo vya kutokuwa na uhakika wa makadirio) ya ngazi ya juu, yaani ya makundi, huanza kupotoka. Mwanafunzi mwenye benki moja na matawi 6 hana data ya kuzungumzia mameneja, na msimamizi wake anapaswa kumwambia hivyo kwenye pendekezo la utafiti, si siku ya utetezi. Anaweza kuuliza swali linalohusu tofauti za ndani ya tawi, akiyaingiza matawi 6 kwenye rigresheni yake ya kawaida kama vigeu vya kundi, yaani alama ya kuonesha kila mtu ni wa tawi gani. Au aombe kibali katika taasisi nyingi zaidi na kuchukua watu wachache kutoka kila moja.

Kwa vyovyote vile, dodoso lazima lioneshe mhojiwa anatoka idara gani. Madodoso mengi huliacha swali hilo kwa hoja ya usiri, ingawa namba ya siri ya idara, ambayo mtafiti peke yake ndiye anayejua maana yake, ingetosha.