Mtoto wa kibandani na macho ya mgeni

Wageni wanaoishi Nairobi, hasa wale wa mitaa ya kifahari kama Gigiri, Runda, Lavington na Kileleshwa, huwa na maoni mawili kuhusu watoto wetu, na maoni hayo yanapingana. La kwanza ni kwamba mtoto anayeonekana akifanya kazi mchana ametolewa shuleni na wazazi wasiojali. La pili ni kwamba hayo ndiyo maisha ya huku na watoto wameshayazoea, kwa hiyo hakuna la kuuliza. Nimeyasikia yote mawili kwa watu wenye nia njema, na pengine ni mtu yule yule aliyeanza na moja akamalizia na jingine. Nayapa uzito kwa sababu wageni hawa hawaishii kutazama. Wanaajiri watu majumbani, wanawalipia watoto karo, wanawapa pesa watoto wanaoomba kwenye taa za trafiki, wanatembelea makao ya watoto wikendi. Wakielewa vibaya, anayeumia ni mtoto.

Tuanze na mtoto anayeonekana. Ni saa tano asubuhi, siku ya kazi, na mvulana wa miaka kumi ameketi kwenye kibanda cha mama mboga akikatakata sukuma wiki. Mgeni anajua kwamba mwanawe yuko darasani, basi anaamua kwamba huyu naye angepaswa kuwa darasani. Lakini shule nyingi za kimataifa hapa mjini huanza mwaka wao Agosti au Septemba na kufunga kwa muda mrefu katikati ya mwaka. Zetu huanza Januari, zina mihula mitatu, na likizo ni Aprili, Agosti, kisha ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Mwezi wa Novemba mtoto wa mgeni anasoma na wetu yuko nyumbani. Na mtoto ambaye mama yake ana kibanda, nyumbani kwake mchana ni kibandani, kwa kuwa huko ndiko mama aliko. Hata shule zikiwa wazi, watoto wa chekechea na wa gredi za chini huruhusiwa kuondoka mchana wakati wakubwa wao wakiendelea na masomo.

Yuko pia yule aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Hapa mgeni hushangaa, kwani amesoma kwamba elimu Kenya ni ya bure. Ni kweli kwamba Januari 2003 serikali ya Rais Kibaki iliondoa karo katika shule za msingi za umma, na zaidi ya watoto milioni moja wakaingia madarasani. Ni kweli pia kwamba Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtwika mzazi wajibu wa kumpeleka mtoto shuleni. Lakini mgao ambao serikali imekuwa ikiutoa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka mzima, na mara nyingi hufika kwa kuchelewa. Sare, madaftari, vifaa vya mtaala mpya, pesa za mtihani na chakula cha mchana vinamngoja mzazi.

Tena shule za umma hazitoshi. Mukuru, Mathare, Kibera na Korogocho zina watoto wengi kuliko madawati ya serikali yaliyo karibu, na pengo hilo limezibwa na shule za kibinafsi za mabati ambazo wazazi huzilipia kutoka kwa kibarua cha siku. Septemba 2019 jengo la shule ya Precious Talent huko Ng'ando, Dagoretti, liliporomoka asubuhi na kuua wanafunzi. Wazazi wale walikuwa wakilipa. Kila ninaposikia ikisemwa kwamba watu wa mitaa ya mabanda hawathamini shule, nawafikiria hao. Mama anayemwacha mwanawe akate sukuma ili apate pesa za muhula ujao hajaikataa elimu. Mgeni akiacha kununua kwake kwa kuona vibaya, amepunguza zile zile pesa za karo.

Hata hivyo, siwezi kumalizia hapo, maana wageni wana hoja ambayo sisi wenyeji huwa tunaikwepa. Tunapenda kusema: sisi tulichunga mbuzi, tukachota maji, tukauza ndizi stendi, na tukasoma. Nakubali kwamba kazi ya nyumbani humfunza mtoto, na sheria yenyewe inalikubali hilo kwa kiasi fulani. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, kisha inaruhusu kazi nyepesi kwa wa miaka 13 hadi 16, mradi isidhuru afya yake wala kumzuia kwenda shule. Ila tunaposimulia utoto wetu tunawahesabu waliofaulu peke yao. Wale waliochunga mbuzi wakaishia na mbuzi hatuwataji.

Na kuna kazi ambayo haina utetezi wowote. Katika jalala la Dandora watoto huokota plastiki na vyuma katikati ya moshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri, uliwapima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jalala hilo, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubalika kimataifa wakati huo. Hakuna mila inayoweza kuhalalisha jambo hilo, na mgeni anayelikasirikia ana haki.

Lakini mtoto ninayemwogopea zaidi hayuko Dandora wala kibandani. Ni msichana wa miaka 14 aliyeletwa na shangazi au na jirani wa kijijini kwa ahadi kwamba atasomeshwa Nairobi. Anaamka kabla ya watu, anaosha, anapika, anabeba mtoto mgongoni, analala wa mwisho, na ile shule inasubiri muhula ujao kila muhula. Hapiti barabarani, hivyo mgeni hamwoni na chifu hamwoni. Jirani wa ploti humwona, ila akiambiwa ni mtoto wa ndugu ananyamaza. Undugu ndio unaoifunika kazi hii, na mzigo huo ni wetu kabla haujawa wa mgeni. Nyumba za Wakenya waliosoma, zenye magari mawili, zimo pia kati ya zile zinazowaficha wasichana hawa.

Kwa hiyo nikipima pande zote mbili, mgeni naona anakosea pa kuelekeza macho. Anamkazia macho mtoto anayefanya kazi mbele ya mama yake, mahali penye wapita njia na majirani. Maswali yanayofaa ni mengine: saa hii anapaswa kuwa wapi, kazi inamchosha kiasi gani, malipo yanaenda kwa nani, na akitaka kuondoka anaweza? Mgeni anayeajiri mfanyakazi wa nyumbani anaweza kuanza kwa kuomba kitambulisho, ambacho Mkenya hukipata akitimiza miaka 18. Akimshuku mtoto wa jirani kuwa ananyanyaswa, kuna laini ya watoto ya 116, isiyolipiwa, ambayo huwaunganisha wapigaji na maafisa wa watoto. Kumpiga picha na kuisambaza hakumtoi mtoto katika nyumba ile.

Kuhusu makao ya watoto nitasema machache. Mwaka 2017 serikali ilisitisha usajili wa makao mapya, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unakusudia watoto walelewe katika familia. Wengi wa wanaoitwa yatima humo wana mzazi aliye hai, aliyelemewa na kodi ya nyumba na karo. Mtoto wa namna hiyo anaweza kulipiwa karo akiwa kwao. Mfadhili na apeleke pesa moja kwa moja katika ofisi ya shule, achukue risiti, kisha amuulize mwalimu mkuu ni watoto wangapi wengine waliorudishwa nyumbani wiki hiyo.