Ukuta wa Gereji Unatoa Jasho, Mimi Natoa Hela

Gari ninalo na gereji ninayo, ila gari linalala nje, chini ya mwembe, kunguru wakilifanya choo. Gereji ina unyevunyevu. Usidhani kuna dimbwi, hapana, afadhali lingekuwa dimbwi ningelifyonza kwa tambara yakaisha. Ukiingia unapokewa na harufu ya godoro la mtoto aliyelala bila kukojozwa. Viatu vyangu vya harusi vimeota manyoya ya kijani. Mifuko ya saruji niliyonunua kurekebishia ukuta imeganda pale pale chini ilipowekwa, sasa ni mawe yenye nembo ya kiwanda.

Huku Tegeta kila mtu ni daktari wa kuta. Mama mkwe alichungulia mlangoni, akasema kuna mtu kamwaga kitu, tusiguse. Shemeji akasema bomba limepasuka chini, tuchimbe sakafu yote, yeye atasimamia. Bomba lenyewe linapita upande wa jikoni, hata halijui kama kuna gereji.

Fundi wa kwanza hakuinama hata kidogo. Aligonga ukuta kwa kidole, akasema, "Bosi, huo ni unyevunyevu wa pwani tu. Piga rangi ya mafuta, umemaliza." Rangi ikapigwa, ikang'aa, wageni wakasifu. Masika yalipoingia ikavimba malengelenge. Ukibonyeza lengelenge, linakutemea maji usoni.

Fundi wa pili akabandua, akapiga plasta ya saruji na dawa ya kuzuia maji, kwa ndani. Maji yanaingia kwa nje, yeye anaziba ndani! Maji yakakosa pa kutokea, yakapanda, alama iliyokuwa magotini ikanifika kiunoni. Halafu kwenye hesabu yake kaandika: ndoo za maji. Maji! Ukuta umelewa maji, mimi nauziwa mengine.

Ikabidi uchunguzi nifanye mwenyewe. Unakata vipande vya nailoni, unabandika kimoja sakafuni na kingine ukutani, kingo zote unazifunga kwa selotepu, unaviacha usiku na mchana. Matone yakitokea juu ya nailoni, ni mvuke wa hewani. Yakijificha chini yake, yanatoka ndani ya zege au ukuta wenyewe. Mama watoto alinikuta nimepiga magoti nachungulia chini ya nailoni kwa tochi ya simu, akaondoka bila kusema neno, na jioni nikasikia anaongea na dada yake kwa sauti ya chini.

Majibu yakaja mawili. Sakafuni, juu kumelowa na chini kukavu. Hiyo ni hewa ya masika, inaingia na joto lake na mvuke wake, ikikuta sakafu ya baridi inageuka matone. Ingepata pa kupita isingeleta shida, lakini matundu yote tuliyajaza magazeti ili mbu wasiingie. Mbu wako ndani, wanasoma.

Ukutani, maji yalikuwa chini ya nailoni, na chumvi nyeupe imejipanga mstari mmoja mrefu. Hayo ni ya ardhini. Juu ya msingi hulazwa karatasi ya lami, mafundi wanaiita dipisii, inazuia maji yasipande kwenye tofali, na inatakiwa ikae kama sentimita 15 juu ya udongo wa nje. Nikazunguka nje kuitafuta. Haionekani! Jirani alileta kifusi kuinua kiwanja chake, kikaegemea ukuta wangu, dipisii ikazikwa hai. Maji yanairuka kwa juu, yanaingia kwangu kama yana ufunguo.

Nikamwendea. "Jirani, kifusi chako kinaninywesha maji." Akanijibu kwa upole kabisa, "Jirani, mvua ni ya Mungu." Ubishane naye vipi? Mjumbe akaja, akanywa soda yangu, kisha akanywa ya jirani, akaamua kifusi kiondolewe na mtaro uchimbwe. Gharama nusu kwa nusu. Nusu ya jirani bado iko njiani.

Mtaro umechimbwa, umejazwa kokoto, una mteremko mzuri. Plasta ya ndani imegongwa hadi juu ya alama ya maji, chumvi tunaifagia kavu kwa brashi, maana ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani ya tofali. Halafu kungoja. Wajenzi wana kadirio lao, kila inchi ya unene wa ukuta kama mwezi mmoja kukauka. Tofali langu ni la inchi 6, hesabu mwenyewe. Fundi wa tatu kila akipita anauliza, "Bosi, tupige rangi?" Namfukuza kwa ufagio.

Ila ule mtaro nao una mambo yake. Maji yake yanateremka vizuri sana, yanaishia nyuma, kwa mzee mstaafu. Leo kabla sijanywa chai kanigongea geti, kanivuta pembeni, kaniuliza kama najua kwa nini ukuta wa jiko lake umeanza kutoa chumvi.

Nikamwambia, "Mzee wangu, huo ni unyevunyevu wa pwani tu. Piga rangi ya mafuta."