Jambo la Zamani Likirudishwa Mezani, Msilifunge

Kuna sheria imeingia kwenye magrupu mengi ya huku kwetu Kigoma na hata kwenye vikao vya mtaa imeanza kutembea, kwamba jambo likishaongelewa likapoa basi limeisha, asitokee mtu baada ya mwaka au miaka mitatu akalirudisha, na akilirudisha anaambiwa anafukua makaburi, wengine wanatolewa kabisa kwenye grupu. Mi hii sheria naipinga, na nitaipinga popote nitakapoikuta, maana mambo yetu mengi ya huku majibu yake yanachelewa kuja kuliko hamu ya watu ya kuongea.

Chukulia ziwa tu. Maji ya Tanganyika yalipopanda kwa nguvu 2020 na 2021 hapa mjini hakukuwa na habari nyingine, Kibirizi, Katonga, Ujiji kule chini, nyumba zimeingiliwa, pa kuanikia dagaa pamemezwa, watu wanaulizana haya maji yanatoka wapi na yatarudi lini. Kila mtu akaja na lake. Kuna waliosema ni mvua, kuna waliosema njia ya kutokea maji imeziba kule Kongo, na wazee wakasema tulieni, mwanzoni mwa miaka ya 60, zile mvua za wakati wa uhuru, ziwa lilipanda hivi hivi na baadae likarudi. Maongezi mazuri kweli, yenye kumbukumbu za watu walioona kwa macho. Afu yakapoa. Mwaka 2024 maji yakapanda tena, na mtu alipouliza jamani yale ya 2021 tuliishia wapi, akajibiwa tuongee ya sasa hivi.

Sa ya sasa hivi utayaongeaje bila yale? Hili ziwa lina mto mmoja tu unaotoa maji, Lukuga, unaanzia pale Kalemie upande wa Kongo, na habari zake zimeandikwa toka zamani. Mzungu mpelelezi, Cameron, aliufikia 1874, mwingine, Stanley, akaja 1876 akakuta umezibwa na matope na majani maji hayapiti vizuri, ziwa likawa linapanda, na miaka michache mbele kizuizi kikaachia maji yakashuka. Yani mzee aliyeuliza kuhusu Lukuga 2021 alikuwa anauliza kitu chenye karibu miaka 150 na bado ni swali zima kabisa. Halafu kuna hili la mita 60. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, sawa, lakini mtu alijenga maji yakiwa mbali huko, leo yako mlangoni, hizo mita unaanza kuzihesabia wapi, na maji yakirudi nyuma je, anaruhusiwa kurudi au ndo basi? Hili liliulizwa na watu wenye nyumba zao pale, likaachwa linaning'inia. Ukisema lisiulizwe tena kwasababu liliulizwa zamani umewaambia wale watu kwamba shida yao ilikuwa na muda wa kuisha, na haijaisha.

Lingine ni hili la kufunga ziwa. 2024 upande wetu uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wapumzike wazaliane. Kabla ya hapo watu walibishana mpaka wakanuniana, huyu anasema mgebuka na dagaa watajaa, yule anasema miezi mitatu watoto watakula nini na mkopo wa injini atalipa nani. Lakini wote walikuwa wanatabiri tu, jibu lenyewe lilikuwa halijazaliwa bado. Wakati wa kuongea vizuri ulikuwa baada ya kufunguliwa, miezi sita, mwaka, mtu aje aseme mi nilisema tutapata zaidi na hiki ndo nilichopata, mama anayenunua dagaa mwaloni aseme beseni lilikuwa bei gani na sasa ni bei gani. Na hayo yasemwe pale pale chini ya yale ya mwanzo, sio kuanza upya, kwasababu ukianza upya yale maneno ya mwanzo hayaonekani na kila mtu anakuwa alisema kweli toka siku ya kwanza.

Na kuna kitu wanaoweka hizi sheria hawakifikirii kabisa, nacho kinaniuma. Huku kwetu wanaume wengi wanavua dagaa usiku, kwa taa, zile siku za giza, mbalamwezi ikiwaka ndo wanapumzika. Sa jambo la mtaa linaongelewa saa mbili usiku, mwenye bando na muda anachangia, mvuvi yuko ziwani katikati huko mtandao hakuna. Anarudi, analala, analiona jambo siku ya tatu au wiki nyingine kabisa, anaandika maoni yake ya maana, anaambiwa kaka hilo limeshapita. Limepita kwa nani? Yeye ndo ana mtumbwi, yeye ndo linamhusu. Mwalimu aliyehamishiwa huku juzi nae hivyo hivyo, na mama ambaye simu ya nyumbani anakaa nayo mumewe. Ukipima uzee wa jambo kwa saa ya wenye simu mkononi muda wote umewatoa watu nje kimya kimya bila hata kuwatoa kwenye grupu.

Najua wanaokataza wana sababu zao, na moja ni nzito kweli. Ni zile meseji za mgonjwa anahitaji damu haraka, inazunguka mwaka wa pili, mgonjwa alishapona au alishazikwa, na ndugu zake bado wanapigiwa simu. Au video ya maji kuingia kwenye nyumba, ya 2021, inarushwa 2024 kama imetokea leo asubuhi, mtu yuko Tabora kikazi na mama yake anaishi ufukweni, usiku huo halali. Au mtu anaibuka kwenye tangazo la msiba wa zamani anaandika poleni sana, na mjane yumo humo humo anasoma. Haya ni maumivu ya kweli na mi nayakataa bila kusita. Ila angalia vizuri, kinachoumiza hapo ni kufichwa kwa tarehe. Video ile ile ukiandika juu yake hii ni ya 2021, na leo maji yamefika hapa, inakuwa msaada mkubwa, watu wanalinganisha ukuta kwa ukuta.

Ugomvi wa watu, huo ulale. Nani alimtukana nani, ndoa ya fulani ilipoyumba, hayo hata yakiwa ya jana siyataki.

Halafu tusijifanye hatuna desturi ya hili. Kikao chochote cha Kiswahili, cha kamati ya shule, cha SACCOS, cha kijiji ambacho kisheria mkutano mkuu wake unatakiwa kila miezi mitatu, kinafunguliwa, unasomwa muhtasari wa kikao kilichopita, unathibitishwa, afu yatokanayo. Kabla hujagusa jipya unamalizana na la zamani. Bibi zetu hawajui kusoma lakini kwenye yatokanayo walikuwa wanasimama wanasema mwenyekiti, mara ya mwisho ulisema bomba litafika hapa. Siku hizi naona yatokanayo inarukwa, eti muda umeenda, tunaingia moja kwa moja kwenye ajenda za siku. Na sitaficha ninachokiona, kelele za tusifukue makaburi huwa kubwa zaidi pale swali likiwa la michango. Tulichanga ya daraja la mtaa, imefika wapi? Ghafla jambo limekuwa la zamani. Nimeona watu wazima wananyamazishwa hivyo mbele ya watoto wao na hawakuwa wamekosa adabu, walitaka hesabu tu.

Hata mahakama, ambayo ndo inapenda mambo yaishe kuliko sisi wote, haijafunga kabisa. Kesi ikishaamuliwa huwezi kuileta tena na watu wale wale kwa jambo lile lile, na ukitaka kudai ardhi ukachelewa zaidi ya miaka 12 muda umekupita, hiyo inajulikana. Lakini ukipata ushahidi mpya wa maana ambao kwa jitihada zako zote usingeupata wakati ule, unaweza kuomba mahakama iipitie upya hukumu yake yenyewe. Mi nasema tuchukue kipimo hicho hicho. Anayefufua jambo aje na kitu, matokeo, picha yenye tarehe, risiti, au hata swali ambalo halikujibiwa siku ile, maana swali lililokimbiwa halihitaji ushahidi mpya, linahitaji jibu. Aliyekuja mikono mitupu kuanzisha vurugu aambiwe kwa upole akae. Na huyo wa kumwambia asiwe ndo aliyeshika hela zinazoulizwa.

Kwa viongozi wa magrupu, hiyo sheria ya kufuta watu itoeni, wekeni ya tarehe, kila kinacholetwa cha zamani kiandikwe ni cha lini. Kwa wenyeviti wa mitaa ya ufukweni, rudisheni yatokanayo kwenye vikao vyenu na lile la mita 60 liwe la kwanza, na mwite mtu wa mazingira wa manispaa aje ajibu akiwa amesimama mbele ya watu. Na kama kuna mtu bado ana simu yenye yale maongezi ya 2021, zile sauti za wazee wakielezea maji ya miaka ya 60 yalifika wapi na yalikaa muda gani, tafadhali asiyafute, wengi wetu tulishabadilisha simu na wale wazee wengine hatunao tena. Yaleteni kikaoni yachezwe watu wote wasikie.